Siku Jimbo Lilipokwama Mlangoni

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na mlio wima, mnaojua kusoma na mnaosomewa. Zimeni redio, tulizeni watoto, kwa maana naleta habari ya kazi kubwa iliyofanywa na watu wadogo. Wengine wamewasifu majemadari waliovuka milima na majeshi yao. Mimi nitaeleza jinsi milima yenyewe ilivyovushwa, pamoja na bahari yake, bandari yake, serikali yake na raia wake wote, katika mlango mmoja wa mbao. Sikusimuliwa. Nilikuwepo, na nilishika pembe ya kusini-magharibi.

Jueni kwanza kwamba sisi ni Darasa la Jioni, watu wazima ishirini na mmoja, ambao mchana tuna kazi zetu au tumekwisha kustaafu, na jioni tunakunja magoti chini ya madawati ya watoto ili tufundishwe tuliyoyakosa. Chumba chetu ni kimoja, ng'ambo ya ua wa ukumbi wa mji, kina ubao, taa mbili na dirisha lenye nondo. Mimi nilikuwa tarishi kwa miaka thelathini na miwili, nikibeba barua za watu nisizoweza kuzisoma. Barua yangu ya kwanza nimeisoma humo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kile ni chumba tu.

Basi ikaja barua kutoka ofisi ya elimu, nami ndiye niliyewasomea wenzangu. Ilisema kwamba Jumamosi, saa kumi alasiri, Mkaguzi atafika ukumbini, na kila darasa litaweka hapo kazi moja inayoeleza jimbo letu la pwani kwa mambo manne: jiografia, historia, utawala na uchumi. Darasa lisiloweka kitu litahesabiwa kuwa limekufa, na chumba chake kitakabidhiwa kwa Msimamizi wa jengo, kiwe stoo ya viti.

Huyu Msimamizi alikuwa adui yetu, lakini nitamtendea haki kama mwandishi wa historia anavyopaswa. Alikuwa na viti vya plastiki mia tatu visivyo na pa kulala. Vilikuwa vimejaa ofisini mwake hadi kwenye dari, na yeye, bwana wa viti mia tatu, alikuwa akifanya kazi amesimama. Ukimfikiria hivyo unaweza hata kumhurumia. Sisi hatukumhurumia.

Ndipo akainuka Timazi. Timazi, mnyoosha kuta, mfuga randa, fundi ambaye msumari uliopinda ukimwona unajirudi wenyewe. Jina hilo, la uzi wa fundi wa kupimia wima, alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kazi yake imeegemea upande. Mlango wa chumba chetu aliutengeneza yeye, miaka ishirini na mitano iliyopita, na fremu yake aliiunga kwa ulimi na tundu, mbao ndani ya mbao, bila msumari hata mmoja, na juu yake paliandikwa kwa rangi: Darasa la Jioni. Kila jioni kabla ya kuingia aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huu," alituambia, "utatuzika sote."

"Ndugu zangu," akasema siku ile ya barua, "madarasa mengine yatachora. Mtu yeyote anaweza kuchora. Sisi tutalijenga jimbo."

Na kweli tukalijenga. Wiki tatu tulilijenga. Timazi aliunganisha mbao tano, akaweka kipimo cha kidole kimoja kwa maili moja, na juu ya mbao hizo tukaumba nchi. Vilima tulivifinyanga kwa karatasi zilizolowekwa na udongo. Bahari ilikuwa rangi ya buluu iliyochanganywa na gundi. Ngome ya kale, ambayo ndiyo historia, ilijengwa kwa viberiti. Makao ya serikali yalikuwa kopo la majani ya chai, na mbele yake madiwani ishirini na wanne, vifungo vya shati vyote, wakiongozwa na Gavana, kifungo cha koti. Mzee mmoja aliyeendesha winchi bandarini, ambaye tunamwita Winchi, alitengeneza winchi tatu kwa vibanio vya nguo. Na mkewe Timazi, Mama Chumvi, aliyeuza chumvi sokoni tangu usichana, alitengeneza mashamba ya chumvi, na chumvi yake ilikuwa chumvi kweli.

Jumamosi ikafika. Saa tisa alasiri tukajipanga watu sita kulizunguka jimbo: Timazi, Mama Chumvi, Winchi, jirani yake Mwokaji wa mikate, Mwalimu wetu, na mimi. Tukasema bismillahi, tukainua. Jimbo likapanda hewani kwa utulivu, likasafiri hatua nne, likafika mlangoni, likagonga fremu kushoto na kulia kwa pamoja, likasimama.

Tulilirudisha nyuma. Tukajaribu tena, kana kwamba mlango ulikuwa haujatuona vizuri mara ya kwanza. Likagonga tena.

Timazi akatoa futi yake, akapima, akapima tena, kisha akaikunja polepole na kuirudisha mfukoni.

"Vidole vinne," akasema.

"Jimbo limezidi?" akauliza Mwalimu.

"Mlango umepungua."

Mama Chumvi akamtazama. "Mzee, ulipima?"

"Nilipima kila kitu. Pwani yote niliipima, maili kwa maili, na kila ghuba."

"Nakuuliza mlango."

"Mlango niliutengeneza kwa mikono hii. Mtu humpima mwanawe?"

"Humpima, akitaka kumshonea nguo."

Timazi akaligeukia jimbo. Akaagiza jimbo lilazwe ubavu. Tukaliinua upande wa vilima, taratibu, kama mnavyomgeuza mgonjwa. Hapo tukaona maangamizi. Chumvi ikamwagika miguuni petu, ngome iliyokuwa imestahimili karne tano ikapoteza ukuta, na serikali nzima, Gavana akitangulia, ikaanza kuserereka kuelekea baharini.

"Rudisheni," akalia Winchi. "Rudisheni, madiwani wanazama."

Tukarudisha. Mwalimu akapiga magoti, akawapanga viongozi mmoja mmoja mahali pao. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini.

Mwokaji, mtu wa maneno machache, akashauri tulikate jimbo kwa msumeno kwa kufuata mto tuliouchora toka vilimani hadi bandarini, tulipitishe vipande viwili. Shauri lilikuwa jema, hadi Winchi alipouliza mto wenyewe utabaki upande gani.

"Upande wa vilima," akasema Mwokaji, aliyezaliwa huko. "Mto unatoka kwetu."

"Unatoka kwenu, lakini unafika kwetu. Bandari bila mto ni nini? Ni ukuta wenye winchi."

"Na nyinyi chumvi mnayo, bahari mnayo, hata kopo la serikali liko kwenu. Mnataka na maji ya kunywa?"

Wakaendelea hivyo dakika kumi nzima, majirani wa miaka mingi wanaoazimana kikaango, wakigawana nchi ya udongo, mpaka Mama Chumvi akasema kwamba atakayegusa msumeno atakwenda kuoga kwenye bahari ile ile ya gundi. Shauri likafa.

Nikatumwa mimi, kwa kuwa kupeleka habari ndiyo kazi yangu, nikamwombe Msimamizi kwamba Mkaguzi avuke ua, aje alitazame jimbo chumbani. Nilimkuta amesimama kati ya viti vyake.

"Mzee wangu," akaniambia, "barua imesema wapi?"

"Ukumbini."

"Basi. Mimi si mwandishi wa barua. Mimi ni wa funguo." Kisha akachungulia ua, akaliona jimbo letu likitokeza pua mlangoni, na uso wake ukang'aa. "Chumba kina urefu gani kile?"

Niliporudi na habari hiyo, Timazi alikuwa amekwisha kuung'oa mlango kwenye bawaba zake na kuuegemeza ukutani. Tulipata vidole viwili. Tulihitaji viwili vingine. Ilikuwa imebaki fremu.

Hapo, enyi wasikilizaji, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Timazi alishika nyundo, akaiweka patasi kwenye kabari ya kwanza iliyobana fremu, halafu akakaa tu. Akaigonga fremu kwa kifundo cha kidole.

"Sikia, mke wangu," akasema bila kugeuka. "Nimefanya milango mia nne. Mingi imeoza, mingine imeliwa na mchwa, mingine wenyewe wamebadilisha wakaweka ya chuma. Huu ndio uliobaki nikiugonga unanijibu."

Mama Chumvi akachuchumaa kando yake. Nilitarajia amtanie, lakini hakumtania. "Umekuwa ukiugonga miaka ishirini na minne bila kujua kilichoandikwa juu yake," akasema. "Mwaka jana ndio umekisoma. Umekisomea wapi?"

"Humu ndani."

"Haya basi."

Akapiga. Kabari ya kwanza ikatoka. Msimamizi akasikia, akaja mbio akivuka ua, ametandaza mikono kama jeshi la mtu mmoja.

"Acha hapo. Hiyo ni mali ya umma. Ukiigusa fremu hiyo nitaandika ripoti."

"Iandike," akasema Timazi, na kabari ya pili ikatoka. "Andika kwamba aliyeisimamisha ndiye aliyeishusha. Kama huwezi kuandika, darasa lipo."

Mhimili wa kushoto wa fremu ukaguna, ukaachana na ukuta, ukaja mikononi mwake mzima, pamoja na vumbi na vipande vya lipu. Tukakimbilia pembe zetu. Lakini Timazi alikuwa ameshika mhimili, na pembe ya kaskazini ilikuwa haina mtu.

"Wewe," Mama Chumvi akamwambia Msimamizi, "shika kaskazini."

Naye akashika. Mpaka leo hajui kwa nini. Mtu akipewa pembe ya jimbo, mikono yake humtangulia. Tukasukuma. Bahari ikapita, bandari ikapita, chumvi iliyosalia ikapita, serikali ikapita bila hata diwani mmoja kuanguka, na vilima vikapita vikikwaruza ukuta kwa upana wa uzi. Tukavuka ua kwa hatua za maarusi. Saa kumi ilipogonga, jimbo lilikuwa juu ya meza ya ukumbi, na Msimamizi bado alikuwa ameshika kaskazini.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na kalamu ya risasi. Alilizunguka jimbo mara mbili. Aligusa winchi, akahesabu madiwani, akaonja chumvi. Kisha akainama juu ya bahari.

"Kisiwa hiki hakimo kwenye ramani yangu."

Tukatazama. Kipande cha lipu, ukubwa wa yai, kilikuwa kimeanguka kutoka ukutani na kunasa katika rangi isiyokauka vizuri, maili ishirini mashariki ya bandari. Mwalimu akafumba macho. Mimi niliona viti mia tatu vikiingia chumbani mwetu kimoja kimoja.

Timazi akajitokeza, mwili mzima umejaa vumbi. "Hakikuwamo, Bi Mkaguzi. Kimezuka leo, saa kumi kasoro dakika saba."

Mkaguzi akamtazama juu ya miwani. Akafungua fomu yake. "Jiografia?"

"Ni kisiwa cha mchanga na chokaa. Hakina mto, kwa hiyo hakina ugomvi."

"Historia?"

"Zamani kilikuwa bara. Kilikuwa sehemu ya ukuta."

"Utawala?"

Kabla hatujafikiri, sauti ikatoka kaskazini. "Ni mali ya umma," akasema Msimamizi.

Mkaguzi akaandika. "Na uchumi?"

"Bado hakijapata watu," akasema Mama Chumvi. "Wakifika, tutawauzia chumvi."

Kalamu ikatembea kwenye karatasi kwa muda mrefu. Hatimaye Mkaguzi akavua miwani, akapuliza vumbi kwenye paa la kopo la serikali. "Tangu asubuhi nimekagua madarasa tisa katika kumbi nyingine," akasema, "na yote yamenionyesha jimbo kama lilivyokuwa mwaka jana. Hili li hai. Chumba kibaki chao."

Basi wafalme na waandike ushindi wao kwenye mawe. Wetu nauandika hapa, kwa mkono wangu mwenyewe, ili wajukuu wausome: kwamba Jumamosi ile, saa kumi na dakika ishirini, mbele ya mashahidi wote, Msimamizi aliliachia jimbo, akachomoa ufunguo mmoja kwenye pete yake, akawakabidhi watu ishirini na mmoja ufunguo wa chumba kisicho na mlango, na Timazi akaupokea kwa mikono miwili.