Mashine Iliyokwenda Kilioni

Kila asubuhi Lydie aliisalimia nusu ya mtaa wa Kampemba kabla hajanawa uso. Simu tatu zililala juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya kikombe cha chai, naye aliketi kwenye kigoda, kitenge kimefungwa kifuani, akiandika kwa vidole viwili. *Jambo Papa Chanda, unga umepanda kidogo, utuvumilie. Jambo Mama Lombe, makala yako ya kupikia inafika. Jambo Mama Christiane, Benita aliamuka muzuri?* Watu wakiagiza, alimwita Doudou mwenye pikipiki, Doudou akapeleka mfuko mahali pake, na mtaa ukala bukari, ugali wa huko.

Watu hao hawakujua kwamba kuna Lydie. Walijua kuna Mulangoni, app yenye picha ya mlango wa kijani: unaandika unachotaka, mashine inakujibu. Mashine yenyewe, mwenye app aliwaeleza wote waliosimama karibu naye kwa muda wa kutosha, ilikuwa nyuma. Kila app ina mbele na nyuma, alisema. Mbele ni pale unapobonyeza. Nyuma ndiko kwenye akili.

Nyuma kulikuwa na Lydie na kigoda chake.

Asubuhi hiyo, chai haijapoa, mlango wa bati ulisukumwa, akaingia Adrien, mwenye app, amevaa koti la bluu na viatu vinavyong'aa kuliko hali yake. Adrien alikuwa na mdomo wa kuuza mwavuli mwezi wa saba, wakati hata wingu limesahau njia ya Lubumbashi. Akiingia mahali, watu walishika mifuko yao, kisha baada ya dakika chache wakaifungua wenyewe.

"Lydie, chérie, acha kwanza hizo simu. Nimepata muntu."

Lydie aliinua macho. Alikuwa mtu wa kuandika. Maneno yake yalipita vizuri vidoleni, lakini yakifika kinywani yalikwama.

"Mama Christiane," Adrien akaendelea. "Ule wa dépôt ya unga. Jana ameniita kwake. Anasema mashine inamuuliza kila siku kama mutoto ameamuka muzuri, na hata bwana yake haulizake. Anataka kuinunua yote. Mbele na nyuma."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

"Lakini nyuma ni mi..."

"Nyuma ni siri ya kazi," Adrien alisema, akanywa chai ya Lydie. "Ila anataka kwanza aone mise à jour mupya. Muntu hanunue kitu yenye haiendelee."

Mise à jour. Kwa watu wengine maneno hayo humaanisha app kujitengeneza upya usiku, yenyewe, bila kumsumbua mtu. Kwa Lydie yalimaanisha kazi. Katika toleo la pili Adrien alitangaza kwamba mfumo sasa unakumbuka wateja. Lydie akaanza kukariri majina ya watoto wa watu. Katika toleo la tatu mfumo ulielewa sauti. Lydie akasikiliza bibi mmoja akisimulia historia nzima ya goti lake kabla ya kuagiza mafuta ya kupikia. Toleo la nne lilikuwa fahari ya Adrien: mfumo usiozimika hata umeme ukikatika. Siku hiyo alimletea Lydie tochi.

"Ya tano inaitwa Kufuatilia Safari," Adrien alisema. "Muteja anauliza kitu yake iko wapi, mashine inajibu palepale."

"Nitajua namna gani Doudou eko wapi?"

"Haiko lazima ujue. Andika tu: dereva yuko njiani, dakika tano."

"Na kama haiko njiani?"

Adrien alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Lydie. Hapa Lubumbashi, ulisha kuona nani anamukasirikia muntu mwenye iko njiani?"

Ni kweli kwamba katika mji huu aliye njiani anaheshimiwa kuliko aliyefika, kwa maana aliyefika ana makosa yake, na aliye njiani hana kosa lolote.

"Tukimaliza hii," Adrien akasema, akisimama na kupangusa koti, "ninaenda kwa mujomba wako. Na koti hii hii. Ninajipresenta, tunaongea ndoa, bote banafurahi."

Hayo pia aliyasema katika toleo la pili, na la tatu, na la nne. Mjomba Stéphane, kule Ruashi, alikuwa ameshanunua viti vya wageni. Katika simu ya kwanza Lydie alikuwa na sentensi aliyoiandika na kuifuta mara nyingi: *Adrien, utaenda lini kwa mjomba?* Aliiandika tena jioni ile. Akaifuta. Kisha akamjibu mtu aliyekuwa akitafuta makaa.

Jambo moja lilimkaa rohoni. Kadi za simu zote tatu ziliandikishwa kwa jina lake, kwa sababu siku ya kuzinunua Adrien alikuwa amesahau kitambulisho chake nyumbani. Mteja akija kudai haki yake, jina atakaloonyeshwa litakuwa la Lydie. Kitambulisho cha Adrien kilikuwa bado nyumbani.

Siku chache baadaye mzee Mutale, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifariki. Huko Kampemba unaweza kusamehewa deni na hata kelele za redio, lakini kukosa kilio cha jirani ni kujizika mwenyewe. Lydie alifunga kitambaa kichwani, akaziweka simu sawa, akawaandikia wateja wote: *Mutusamehe, leo tuko kwa kilio ya jirani. Tutarudi kesho.* Akaenda kukaa kwenye mkeka na wamama wengine.

Hakuwa amekumbuka kwamba saa ile Adrien yuko kwenye dépôt, lile ghala la unga, akimwonyesha Mama Christiane maajabu ya toleo la tano.

Adrien alimkuta jioni akimenya mihogo ya wafiwa, akamvuta pembeni. Jasho lilikuwa limepita koti.

"Lydie. Mashine inaenda kwa kilio?"

"Mzee Mutale alikuwa jirani."

"Wa mashine?"

"Ulimujibu Mama nini?"

"Nimesema mashine yetu ina adabu. Nimesema ni mise à jour, inaitwa Heshima." Akatabasamu, kwa sababu hakuna kitu kilichomfurahisha kama uongo uliomtoka bila kufikiri. "Mama akasema, muzuri sana, mashine yenye adabu njo minatafuta. Jumamosi tunamaliza. Atalipa na gari, ile Noah nyeupe yenye iko mu kiwanja yake, imefunikwa na bâche."

"Na akiomba kuona mashine?"

"Bado kidogo tu, chérie. Niamini."

Sasa hapa yafaa kusimama tulitazame jambo ambalo wajanja wote hulijua na hakuna anayejikinga nalo. Mtu akirudia uongo wake vya kutosha, siku moja huutegemea. Muuza dawa ya kuotesha nywele hujipaka mwenyewe. Adrien naye alikuwa amewaeleza watu wengi mno, kwa maneno matamu mno, juu ya mashine isiyochoka na isiyosema siri za watu.

Ndani ya Mulangoni alikuwa na akaunti moja ya maonyesho, aliyoipa jina Mheshimiwa, na Lydie aliijua. Ijumaa, Lydie akiwa anachambua mchicha, simu ya pili iliita.

*Sanduku kubwa moja. Na dereva anayejua barabara ya Sakania, wa kuendesha gari yangu nyeupe, Jumamosi. Abiria: mmoja. Siri.*

Lydie alisoma. Akaweka mchicha chini, akasoma tena. Sakania ni mpakani. Ng'ambo ni Zambia, na gari lililovuka pale halirudi kusalimia. Adrien hakujua kuendesha gari. Kwa hilo alihitaji msaada wa mashine.

Vidole vyake vilikuwa vidole vya kazi, na kazi vilikuwa vinaijua. *Jambo Mheshimiwa*, viliandika. *Nyumbani wote wako salama?*

Jibu lilikuja haraka: *Niko peke yangu.*

Lydie akamaliza kwanza mchicha. Kisha akaandika: *Ombi lako limepokelewa.*

Jumamosi asubuhi Adrien alipeleka koti lake kwenye dépôt, akatia sahihi kwamba Mulangoni, mbele na nyuma, ni mali ya Mama Christiane tangu sasa, akaenda kukaa kwenye terrasse moja, baa ya nje, huko Ruashi, na sanduku jipya miguuni. Mama Christiane alikuwa na sharti moja: gari lipelekwe na mashine yenyewe. Ujumbe wake ulimfikia Lydie saa ileile:

*Jambo. Nina gari ya kupeleka kwa Adrien, Ruashi. Nataka nione kama mashine yangu inaweza kitu kikubwa. Funguo iko kwangu.*

Lydie hakumwita Doudou. Alinawa uso, akavaa viatu vya kanisani, akatia simu zote tatu katika kapu la soko, akatoka.

Njiani kapu liliita. *Gari yangu iko wapi?* aliuliza Mheshimiwa.

*Dereva yuko njiani, dakika tano.*

Alivuka barabara, akapita wauza mitumba, akamsalimia Mama Lombe, ambaye hakujua anasalimiwa na nani. Kapu likaita. *Bado?*

*Dereva yuko njiani, dakika tano.*

Mama Christiane alikuwa ameketi mbele ya magunia, mnene na mtulivu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimtazama msichana aliyesimama mlangoni na kapu.

"Jambo, binti. Unga ama mahindi?"

Lydie alifungua mdomo. Maneno yalifika mahali pao pa siku zote, yakakwama. Basi akatoa simu kapuni, akaandika. Simu ya Mama Christiane ikaita juu ya meza.

"Ngoja kidogo, mashine yangu inaniita," Mama alisema, akasoma kwa sauti. "*Jambo Mama Christiane, Benita aliamuka muzuri?*" Alimtazama Lydie. Akatazama simu. Akatazama kapu.

"Sasa weye, sema na kinywa," akasema polepole. "Mashine ni nani?"

"Ni miye, Mama."

Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Mama Christiane alianza kucheka kutoka tumboni, magunia yakatikisika nyuma yake. "Tangu kilio ya Mutale nilijua. Mimi pia nilifika pale usiku, kwa mkeka ya nyuma. Nilisema, mashine yenye inalia mufu, lazima iko na mama yake hapa karibu."

"Na mbona ulinunua?"

"Nilinunua kwa bei yake." Mama alisimama, akamwongoza hadi kiwanjani, akainua bâche. Noah ilikuwa nyeupe, safi, imepakwa nta. Kisha akafungua mahali pa injini. Ndani kulikuwa na kuku mmoja, amelalia mayai.

"Moteur ilitoka tangu mwaka jana," Mama alisema kwa upole. "Yeye ananiuzia app haina mashine, mimi ninamulipa na gari haina moteur. Hapo nani amemuibia nani? Nilikuwa tu ninangoja kuona mashine itaifikisha Ruashi namna gani."

Lydie alimtazama kuku. Kuku alimtazama Lydie. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, Lydie alicheka, akiziba mdomo kwa mkono.

"Sasa, nyuma yote ni yangu," Mama akasema. "Nimetia sahihi. Lakini muntu haiko gunia. Weye unataka nini? Na usiniandikie."

Lydie alifikiri. "Nataka mwenzangu wa kusaidiana," akasema. "Na kadi za simu zibadilishwe jina. Na umeme ikikatika, ninalala."

"Hiyo ni mise à jour ya ngapi?"

"Ya sita, Mama."

"Nimekubali. Leta kigoda yako, hapa kuna kivuli."

Kapu liliita tena, lakini safari hii haukuwa ujumbe. Adrien alikuwa anapiga. Mama Christiane alimnyooshea kidevu: pokea.

"Lydie," sauti ya Adrien ilisema, na nyuma yake zilisikika chupa na muziki wa Ruashi. "Mashine yako imeharibika. Tangu asubuhi inaniambia dakika tano, dakika tano. Bantu hapa banaanza kunicheka na sanduku yangu. Dereva wa ile gari eko wapi?"

Lydie alisogea mbali kidogo na kuku. Sentensi yake ya zamani, ile aliyoiandika na kuifuta toleo baada ya toleo, ilimjia kooni, naye akaiacha ipite bila kusimama. Nyingine ilikuwa nyuma yake.

"Abiria mmoja," akasema. "Uliniandikia vile, Adrien. Abiria mmoja, siri."

Muziki uliendelea upande wa pili.

"Lydie, chérie, sikia, ile ilikuwa ni... Niko njiani kuja kwako. Sasa hivi. Tunaenda kwa mujomba pamoja. Dakika tano."

"Hapana," Lydie alisema, kwa sauti ambayo hata wauza mitumba ng'ambo ya ukuta waliisikia. "Dereva hatakuya. Na miye, Adrien, nilikungoja kwa mujomba na viti vimepangwa. Sikungoji tena."