Tepe ya Matilda, Jina Langu

Jumatatu, 2 Julai 1979. Mwanjelwa, Mbeya.
Baridi ya kukata masikio, lakini kichwa kinachemka! Jumamosi Mzee Bartholomeo, mkuu wa karakana ya parokia, anamteua mtunzaji mkuu wa zana za Mbeya na Iringa. Ni ama mimi Anyitike, ama yule Matilda wa Iringa. Matilda! Zana zenyewe ni tepe za karatasi zenye matundu. Ukiipitisha tepe kwenye kompyuta yetu ndogo, inajua namna ya kutunza joto la mashine ya kutotolea vifaranga. Sheria yetu ni ya kijamaa: tepe ni za wote, anayetaka ananakili, anayeona kosa analirekebisha na kuwapa wenzake. Sheria nzuri sana. Leo nimefunga kifurushi cha Iringa, nikaiacha makusudi tepe ya kusahihishia makosa ya joto. Watanipigia magoti!

Jumatano, 4 Julai.
Matilda kapiga simu parokiani. Nikakohoa kwanza, tayari kubembelezwa. Kamwene kaka, ananisalimu kwa Kihehe, ahsante sana! Eti kwa kuwa tepe ile haikuonekana, kaandika nyingine mwenyewe, na hapo kagundua kwamba yangu ya zamani ilikuwa inachemsha mayai. Sasa anatuma nakala kwa kila mtu. Bure! Sijapata kuona mwanamke mwenye roho mbaya kiasi hiki.

Alhamisi, 5 Julai.
Kifurushi chake kimefika na basi. Nailoni, kisha boksi, kisha kamba ya katani. Maringo tu! Nimeijaribu tepe, inafanya kazi vizuri, nikanuna mchana kutwa. Mwanzoni kaweka jina lake. Kompyuta inalichapa kabla ya jambo lolote. Nikalikata kwa mkasi. Nikatoboa langu, nikaliunga kwa ugali wa mchana, kama tulivyobandika madaftari shuleni. Jirani yangu Bi Damari akaja kuuliza kama mayai yake ya kuku wa kisasa yako salama kwenye mashine. Nikamwambia alale usingizi wa pono.

Jumamosi, 7 Julai.
Aibu! Karakana imejaa, kila mmoja aonyeshe kazi yake, na Matilda kaja na sweta jipya. Nikaanza mimi. Nikasimamisha mashine, nikaingiza tepe. Ikachapa ANYITIKE. Makofi! Mara ugali ukanasa kwenye meno ya kisomeo cha tepe, tepe ikagoma palepale, herufi ya mwisho ikaendelea kujichapa: EEEEEEEE, mpaka karatasi ikaisha. Mzee Bartholomeo akanusa, akauliza nani kapika humu, kisha akaona jina langu limeungwa kwa ugali kwenye tepe ya Matilda. Na mayai yanapoa! Bi Damari hakungoja. Kayafunga kwenye kanga, kakimbia nayo kwa mitetea yake nyumbani, akisema heri kuku, haandiki jina lake kwenye yai la mwenzake. Watu wakacheka hadi machozi. Matilda akafuta ugali kwa kitambaa cha maji ya moto, akatoa nakala ya akiba, mashine ikapata joto lake. Kateuliwa yeye. Mimi nitakuwa namfungia vifurushi. Roho inaniuma!

Jumapili, 8 Julai.
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri. Mzee Bartholomeo kanivuta pembeni, kanihimiza nitubu kwa kuiba kazi ya mwenzangu. Masikini, hajaelewa kitu. Kosa lilikuwa ugali, mzito mno! Kesho nafunga kifurushi cha kwanza cha mtunzaji mkuu Matilda. Mkasi nimeunoa, na uji mwepesi uko tayari kwenye kikombe.