Kura Tisa za Mlima

Jumatatu, 3 Machi

Miwani imefika! Dada yangu anayefanya kazi melini ametimiza ahadi. Boksi kubwa, jeupe, limejaa sponji. Ndani kuna miwani nyeusi kama ya mchomelea vyuma, rimoti mbili za kushika mikononi, na waya wa kuunganisha na ile mashine ya gemu ambayo binti yangu anaipenda kuliko ndugu zake. Ukiivaa, sebule inapotea na unajikuta mahali pengine kabisa. Binti kasema huo unaitwa uhalisia pepe. Nikaitikia kama mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Ndani ya boksi kuna na karatasi. Gemu moja bure, tuchague wenyewe. Jumapili ikipita hatujachagua, karatasi imekufa. Kila gemu unaruhusiwa kuionja robo saa kabla ya kuamua.

Gemu moja, watu watano! Mke wangu, mwalimu wa darasa la nne, anataka ile ya kuogelea na samaki, apumzishe kichwa. Binti anataka ya kupiga ngoma. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye nafanya naye kazi na kwa adhabu ya ziada naishi naye, anataka mbio za magari. Mama mkwe, mkunga mstaafu, miaka sabini na moja, tulimuuliza kwa heshima zote. Kasema ngumi.

Mimi nikasema sina neno, wachague wao. Uongo mtupu. Mimi nataka Mlima, na nitaipata kwa udi na uvumba.

Sababu naiandika hapa tu, maana daftari halina mdomo. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Tangu mwezi wa tisa siwezi kupanda ngazi. Nilikuwa juu kwenye ukuta wa shule, nikageuka kuchovya brashi, nikaangalia chini, miguu ikakataa kazi. Nilishuka kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, kama mtoto anayeshuka kitandani. Bahati nzuri hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo nawaambia watu ni mgongo. Shemeji anapaka juu huku akipiga mluzi, mimi napaka kuanzia kiunoni kwenda chini. Fundi mzima!

Sasa Jumatatu ijayo tunaanza jengo la mwenye duka la dawa. Lina ghorofa, na anataka mafundi wawili juu, ngazi mbili, kwa pamoja. Nina siku saba. Kwenye Mlima unapanda jabali kwa mikono huku miguu iko salama kwenye zulia. Nitajizoeza humo kimyakimya, na Jumatatu nitapanda ngazi nikipiga mluzi kumzidi yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kupunguza wapinzani. Nilianza na mama mkwe, kwa sababu ya umri. Nikamwambia kwa upole kwamba nimesikia ngumi za kwenye miwani zinapandisha presha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda chumbani, akarudi na mashine yake ya kupimia, akajipima. Presha ya msichana. Akaniambia nami nilete mkono. Sikuwa na pa kukimbilia.

Yangu iko juu! Mama mkwe kaitangaza nyumba nzima, namba kwa namba. Chakula cha jioni nimewekewa changu pembeni, hakina chumvi hata chembe. Binti kanipa pole. Shemeji kala mbele yangu kwa kelele.

Halafu mama mkwe akaonja ngumi. Kwa robo saa kampiga yule mtu wa kwenye miwani makonde arobaini na moja, huku mke wangu akishangilia kwa vigelegele. Na mimi nikajaribu, nisionekane mnyonge. Makonde sita. Mawili kati ya hayo, binti anasema, niliipiga kamba.

Jumatano, 5 Machi

Sebuleni tumeweka mipaka ya kuchezea. Mtu akivaa miwani haoni kabati, kwa hiyo shemeji kabandika mraba kwenye sakafu kwa ule utepe wetu wa karatasi, tunaozibia kingo za madirisha tunapopaka. Ukiukanyaga unausikia kwa nyayo, unajua umefika mwisho. Wazo zuri. Ndiyo maana limeniudhi.

Mpango wa pili: alfajiri nimeubandua utepe na kuusogeza hatua moja hadi kwenye kabati la vyombo. Shemeji akionja magari yake atagonga kabati, vyombo vitalia, mke wangu atawaka, magari kwaheri. Nilikaa kwenye kochi na gazeti, nasubiri.

Shemeji kaja, kavuta kiti, kakaa. Kumbe mbio za magari huchezwa umekaa! Robo saa nzima hakunyanyua hata kisigino.

Kazini leo kanibebea ndoo zote mbili kwa ajili ya mgongo wangu. Kaniletea na mto mdogo wa kukalia. Mtu huyu ananiweka katika hali ngumu sana. Humchukii vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Naandika haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Nimewahi kurudi. Mke na binti shuleni, shemeji kaenda kuchagua rangi, chumba cha mama mkwe kimya. Nikavaa miwani, nikaonja Mlima.

Mwanzo raha tupu. Jiwe hapa, jiwe pale, navuta rimoti, napanda. Nikasikia ndege. Nikasema kumbe ndiyo hii tu? Nikaangalia chini.

Jamani! Bonde lote lilikuwa chini ya viatu vyangu. Miguu ikawa ile ile ya mwezi wa tisa. Ninajua niko sebuleni, nausikia mpaka ukingo wa zulia, lakini mwili haukubali kuambiwa. Nikalala kifudifudi. Nikaanza kutambaa kuutafuta utepe, nijue sakafu inaishia wapi. Nikaupata, nikausogelea kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye kabati la vyombo. Utepe niliusogeza mwenyewe! Sahani zikalia zote. Nikapapasa, nikapata jiwe, nikalikumbatia kwa mikono miwili.

Jiwe likaniambia, kwa sauti ya mama mkwe, kwamba huo ni mguu wake.

Miaka kumi na minane ya heshima, sijawahi hata kukaa kochi moja naye, na leo nimemkumbatia kifundo cha mguu nikilia. Hakuutoa mguu. Alisimama vilevile, akaniambia nipumue kwa pua nitoe kwa mdomo, taratibu, tena, tena. Wanawake wangapi wameisikia sauti hiyo? Nilipotulia akanivua miwani, akaenda kuchemsha chai. Yangu aliitia sukari bila kuuliza habari za presha.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe hajamwambia mtu. Wakati wa chai ya asubuhi kaniangalia tu, akasema mficha uchi hazai. Binti akauliza nani anazaa. Mama mkwe akasema hajui bado, lakini uchungu umeanza.

Nilitamani kusema pale pale. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikamwona shemeji anapaka siagi kwenye mkate huku anapiga mluzi, mdomo ukajifunga.

Mke wangu katangaza kesho ni kura. Ya siri. Kila mtu aandike jina la gemu kwenye kikaratasi, akitumbukize kwenye sufuria lenye mfuniko. Sasa hesabu hii haimhitaji profesa. Kila mtu atachagua yake, kila gemu itapata kura moja, na ubishi utaanza upya. Mwenye kura mbili ameshinda.

Nimekata vikaratasi vinne vya ziada. Kimoja kingetosha, lakini fundi mzuri hapaki rangi mkono mmoja tu.

Jumamosi, 8 Machi

Kura zimepigwa baada ya chakula cha mchana. Nilijitolea kulitikisa sufuria, na humo ndimo nilimopitishia vikaratasi vyangu. Hakuna aliyeona. Mikono yangu ilikuwa myepesi kama ya mwizi wa sokoni.

Mke wangu akafunua mfuniko, akaanza kusoma. Mlima. Nikatikisa kichwa kwa mshangao. Mlima. Mlima. Nikasema hee! Mlima. Mlima. Nikahesabu moyoni: zangu tano zimekwisha, sasa waje samaki, zije ngoma.

Mlima, akasoma. Mlima. Mlima. Mlima.

Kura tisa. Nyumba ya watu watano.

Mke wangu akavaa miwani yake ya kusahihishia madaftari, akavipanga vikaratasi mezani. Mwalimu wa darasa la nne anaujua mwandiko kama mimi ninavyoijua nyeupe ya maziwa na nyeupe ya chokaa. Tano akaziweka huku: mwandiko mmoja, herufi ya mwisho ina mkia. Wangu. Nne akaziweka kule: yake, ya binti, ya mama yake, ya mdogo wake.

Nilichelewa kuelewa. Nilikuwa natafuta uongo wa kuanzia. Kisha nikazitazama zile nne, nikazisoma upya moja moja.

Walikuwa wamenichagulia. Wote. Hakuna aliyeandika samaki wala ngumi. Kila mmoja kivyake alikuwa ameng'amua kwamba naogopa juu, akaona Mlima ndiyo dawa.

Mke wangu akasema tangu mwezi wa tisa taa ya ukumbini anaibadilisha binti, wakati zamani nilikuwa nagombana na mtu yeyote atakayeigusa. Binti akasema mgongo unaouma hauogopi kusimama kwenye stuli. Shemeji akatazama sakafu, akakiri. Alikuwa nyuma ya ule ukuta wa shule siku ile. Aliniona nashuka kwa makalio. Akajibanza kwenye kona mpaka nikamaliza, nisijue kama kuna mtu. Miezi sita ananibebea ndoo na kuniuliza habari za mgongo, akijua sina mgongo!

Nililia mbele ya watu wote. Mke wangu akanifuta machozi kwa kona ya khanga, halafu kwa sauti ile ile ya upole akasema mwizi wa kura ataosha vyombo wiki mbili. Sufuria la uchaguzi likiwa la kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Jana tumecheza Mlima kutwa nzima. Mama mkwe alinishika shati kwa nyuma, shemeji akakaa sakafuni ananishika viatu, binti akisoma njia kwenye televisheni. Utepe nimeurudisha mahali pake na nimekiri. Mara ya nne niliangalia chini na kuhesabu hadi ishirini. Mara ya tano nilifika kileleni. Huko juu kuna benchi. Nikakaa sana.

Leo ngazi ya kweli. Shemeji hakupanda yake kwanza. Alikuja akaishika yangu kwa chini, akageuzia uso barabarani, akaanza mluzi. Nilifika kipandio cha saba. Nikapumua kama mjamzito wa mama mkwe. Nikafika cha tisa. Nimepaka fremu ya dirisha moja, imenichukua mpaka saa sita mchana, na ukuta una alama za viganja vyangu vyote viwili.

Mwenye duka la dawa alitoka, akauliza mbona fundi amekumbatia nyumba yake. Shemeji kamjibu bila kupepesa macho kwamba mafundi wa zamani hupima unyevu kwa kifua. Mwenye duka karidhika, kaenda kumwita mkewe aje aone.

Nampenda yule kijana. Nimeandika, imetosha.

Jumanne, 11 Machi

Kipandio cha kumi! Na kuna habari. Binti kagundua kwamba ukitumia karatasi ya kwanza unapata ya pili. Mwisho wa mwezi tunachagua gemu nyingine.

Mke wangu kanikalisha. Kasema safari hii nikitaka kitu niseme tu, kwa mdomo, kama watu. Hii ni nyumba yangu na hawa ni watu wangu, nimeona mwenyewe walivyo. Nikamwambia ni kweli kabisa. Nikaapa. Na niliapa kwa moyo mweupe, naapa tena hapa.

Mimi nataka ngumi. Arobaini na moja kwa sita haiwezi kubaki hivyo. Najua mama mkwe naye anaitaka, kwa hiyo nikisema tu, tayari tuko wawili. Lakini nikisema, atajua nataka kumshinda, na ataanza mazoezi. Hapana. Hili linataka akili.

Kwa hiyo tangu leo nina bega. Bega bovu, dawa yake ni kurusha mikono mbele kwa nguvu, mara mia kwa siku. Mchana nilimgusia shemeji, jioni nikamgusia mke wangu. Shemeji kashanitafutia mafuta ya kuchua, mke wangu kaniangalia muda mrefu. Nadhani ameingiwa na huruma.

Tatizo dogo: shemeji nimemwambia la kushoto, mke wangu nimemwambia la kulia. Kesho nitaamka yakiuma yote mawili.