Fukusi Wangu Ishirini na Watatu Mliowafungia Drooni

Bi Ernestine Cabey,
Kisiwa cha Montserrat, upande wa kaskazini (nilipo kwa sasa).

Kwa Mheshimiwa Mtunza Wadudu,
Jumba la Makumbusho, Ng'ambo.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wadudu wako. Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na nina haki.

Mpwa wangu Verna alitembelea jumba lenu akanitumia picha ya droo moja. Ndani yake wamechomwa pini fukusi ishirini na watatu, na chini ya kila mmoja kuna kikaratasi: "Montserrat, Korongo la Galloway, kwa Bi Cabey, juu ya mdimu, 1989." Bi Cabey ndiye mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwavuli. Mwaka huo kijana wenu aliyekuja kukusanya wadudu aliniomba mwavuli kwa adabu, nikampa ule wa kanisani nikidhani anaogopa jua. Kumbe! Akaupindua chini ya mdimu wangu, akaupiga mti kwa fimbo mpaka mwavuli ukajaa wadudu. Jumapili iliyofuata fukusi mmoja aliyebaki mwavulini alimwangukia mchungaji katikati ya sala. Mpaka leo mchungaji ananitazama kwa jicho la pembeni.

2. Makazi. Verna anasema humo drooni hamwingii vumbi, hewa ni baridi, na mlangoni yuko mlinzi. Mimi, tangu mlima ulipolipuka ukakifukia kijiji chetu cha Korongo la Galloway kwa majivu, naishi kwa shemeji, chini ya bati linalovuja, na shemeji anakoroma. Fukusi aliyekula majani ya mdimu wangu bila hodi amenishinda maisha!

3. Anwani. Hili ndilo linaloniuma. Juzi nilikwenda ofisini kuandikisha kitambulisho, nikataja Korongo la Galloway. Karani akaniambia, "Mama, huko hakuna mtu, hakuna njia, hakuna kitu. Taja pengine." Nikamwonyesha picha ya fukusi. Akacheka mpaka akashika meza. Mheshimiwa, mdudu mwenye pua ndefu kuliko akili ana anwani yangu kwa maandishi, na mimi niliyezaa watoto wanne pale sina!

4. Kwa hiyo, kisheria, wakazi wa Korongo la Galloway waliobaki ni fukusi. Ukiitwa mkutano wa kijiji, akidi imetimia. Jirani yangu wa zamani, Bwana Fenton Greenaway, anasema tumchague mmoja awe mwenyekiti: "Angalau huyu hatasinzia, kachomwa pini."

Naomba basi uwarudishe wote, pamoja na vikaratasi vyao, kabla ya Siku ya Mtakatifu Patriki, sikukuu ya kisiwa chetu, tutakapopika supu ya mbuzi. Nitawaketisha meza ya mbele.

Wasalimie wafagiaji, mlinzi, na vipepeo wa droo ya jirani, ambao hawana kosa.

Wako kwa heshima na kinyongo,
Ernestine Cabey (Bi)

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Bwana Fenton. Alicheka sana, halafu akaniuliza, "Sasa Tina, wakirudi utawapeleka wapi?" Mdimu wenyewe uko chini ya majivu. Mheshimiwa, nakuomba usiwarudishe. Waache huko huko, na mwavuli nimeshausamehe. Ila vikaratasi vikianza kufifia, viandike upya neno kwa neno, na uongeze kwamba mdimu ulikuwa nyuma ya jiko, mkono wa kushoto. Yule kijana alisahau kuandika.