Kadi Iliyopigwa Pasi na Posa ya Bahi

Jumatatu, 16 Agosti 2004

Siku tamu! Banda langu la gemu limejaa tangu asubuhi. Ludovick wa ng'ambo ya barabara ana mashine mpya nyeusi, inang'aa kama kiatu cha mbunge, lakini wateja hawamwendei. Wataendaje? Ligi zao zote zimo kwenye kadi yangu ya kuhifadhia gemu. Kadi yenyewe ndogo kama biskuti, imebeba mtaa wetu wa Area D mzima.

Batholomeo mwenye bucha amefunga mabao sita. Timu yake, Machinjioni FC, iko kileleni Daraja la Kwanza. Aliianza Januari ikiwa mkiani Daraja la Tatu. Leo amelia kwa furaha. Mtu mzima, aproni ina damu, analia.

Huyu lazima nimbembeleze. Jumamosi anakwenda Bahi kuwa mshenga wangu kwa Mzee Abeli, baba yake Tereza. Mzee keshafukuza washenga wawili. Wa kwanza alipiga miayo. Wa pili alisahau jina langu. Akifukuzwa wa tatu, Tereza kasema yeye anaolewa na mwalimu wa Manyoni. Lakini Batholomeo ana mdomo! Anaweza kumuuzia utumbo mtu aliyefunga.

Jioni Ludovick kapita anachungulia. Anaitaka kadi, namjua. Nimeichomoa nikaificha kwenye mfuko wa shati langu jeupe la Bahi. Mwizi gani atafikiria huko? Akili nyingi.

Jumanne, 17 Agosti

Dada yangu Loisi kalipiga pasi shati la Bahi. Pasi ya mkaa.

Kadi imekuwa chapati.

Nimemfokea. Kajibu kwamba mimi mwenyewe nilimwambia akandamize vizuri pale mfukoni pasibaki mkunjo. Kweli nilimwambia.

Wateja nimewaambia kadi inaumwa, iko kliniki. Batholomeo kauliza inaendeleaje. Nikasema inakunywa uji. Kanitazama sana. Kasema, "Eliakimu mdogo wangu, timu yangu ikipotea, Bahi utampeleka mbuzi akakusemee."

Sina wasiwasi. Nina boksi! Nililinunua mnadani. Unachomeka kadi kwenye boksi, boksi kwenye kompyuta, na kila kitu cha kwenye kadi kinanakiliwa, kinalala salama. Boksi liko juu ya televisheni, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Wateja wakiliona wanatulia. Kesho asubuhi tu, kazi kwisha.

Jumatano, 18 Agosti

Kazi haijakwisha. Waya wa boksi una mdomo mpana wenye vitundu tisa. Kompyuta yangu mpya ina vitobo bapa vyembamba, kama vya kutumbukizia sadaka. Haviingiliani kabisa. Nimejaribu kwa nguvu. Nimejaribu kwa mafuta ya kula. Nimejaribu kwa maneno mazuri.

Nikakumbuka dawa. Mashine ya gemu ikigoma kusoma sahani ya CD, unaipindua kichwa chini miguu juu, inasoma. Kila mwenye banda Dodoma anajua. Basi nikapindua kompyuta. Haikusoma, ila kibao cha herufi kimedondosha karanga, kipande cha andazi na hereni ya Tereza aliyonigombezea mwezi mzima. Hasara si kamili.

Ludovick kasimama mlangoni. Kauliza kama kompyuta inajifunza sarakasi. Nikamjibu ndivyo wanavyofanya Japani. Kaondoka anafikiri. Mchana nimeona kompyuta ya bandani kwake nayo imepinduliwa. Ha!

Alhamisi, 19 Agosti

Nimekwenda mjini nikapata waya wa kugeuza: huku mdomo mpana, huku bapa. Nimerudi naimba. Nikachomeka. Kompyuta ikaandika kwamba imeona mgeni lakini haimjui, niweke disketi ya kumtambulisha. Disketi ninayo, imo humo humo kwenye pakiti ya waya. Nimeizungusha kompyuta mzunguko mzima kutafuta pa kuiingiza. Hapapo! Hii kompyuta mpya haina mdomo wa disketi. Wamemletea mgeni barua ya utambulisho, mwenye nyumba hana macho.

Batholomeo kapita. Nikasema kadi imetoka kliniki, imepewa likizo fupi. Kasema keshokutwa yeye hapandi basi la Bahi bila kuiona timu yake kwanza.

Usiku nimewaza. Kompyuta yangu ya zamani ingeweza. Lakini ya zamani niliiuzia kwaya ya Msalato mwezi wa tatu.

Kwaya ya Msalato!

Ijumaa, 20 Agosti

Asubuhi Msalato. Nimemkuta Edina, katibu wa kwaya, anachapa nyimbo kwenye kompyuta yangu ya zamani. Tundu pana lenye pini tisa lile pale nyuma, halina hata vumbi. Nimetaka kulibusu. Nikamwambia nimekuja kukagua virusi, bure kabisa, upendo tu.

Edina si mjinga. Kasema hakuna ubaya, ila waimbaji wa besi wamekwenda msibani Kondoa, na mazoezi yanaanza sasa hivi. Nikaimba besi mpaka mchana. Sina besi. Mwalimu wa kwaya kasema nasikika kama mbuzi anayebishana na lori.

Lakini hatimaye nikachomeka boksi langu. Na faili zangu zote zimo bado kwenye kompyuta ile, katikati ya nyimbo za Pasaka! Nikazinakili kwenye kadi nyingine, Edina kanisaidia kuomba. Nimerudi mbio.

Nikafungua. Machinjioni FC hii hapa! Mkiani. Daraja la Tatu. Imefungwa mechi tisa.

Ndipo nikaelewa. Tangu niuze ile kompyuta mwezi wa tatu boksi halijanakili kitu, maana hii mpya hailikubali. Limekaa tu juu ya televisheni, limevaa kitambaa.

Batholomeo huyo, kaingia. Kaangalia. Kakaa chini.

Mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya kichwa. Nikasema Shirikisho la mpira limemshusha daraja kwa fujo za mashabiki. Kauliza mashabiki gani. Nikasema wake. Kasema, "Mimi shabiki wangu ni mimi mwenyewe." Nikasema basi ndiye. Halafu kwa sauti ndogo kasema kweli, mwezi wa sita alirusha kigoda.

Kweli alirusha! Nilikuwa nimesahau!

Kaondoka kichwa chini. Kasema Bahi atakwenda, ahadi ni ahadi, ila adhabu imezidi kosa.

Jumamosi, 21 Agosti

Bahi. Muoaji haingii kwenye posa, basi nimejibanza nyuma ya jiko, Tereza ananiletea habari kila anapotoka kuchukua chai.

Habari ya kwanza: Batholomeo kaamkia vizuri, shikamoo ya heshima. Habari ya pili: kaanza, "Mzee, katika bustani yako tumeona ua..." Hapo nikaruka juu. Habari ya tatu: machozi yamemtoka. Habari ya nne: kasema, "Lakini mzee wangu, mtu aliyedhulumiwa anawezaje kuzungumza maua?" Na kaeleza yote. Januari mpaka Agosti. Mabao yote. Kigoda.

Tatizo ni kwamba Mzee Abeli ni mzee wa baraza la kata. Kesi kwake ni kama wali kwa maharage. Kasogeza kiti. Kauliza kama mshtakiwa alisikilizwa. Batholomeo kasema hakusikilizwa. Mzee kagonga meza, chai imemwagika. Kasema posa haikai mbele ya kesi. Jumamosi ijayo Shirikisho lilete mtu Bahi ajieleze, vinginevyo habari ya ua isisikike tena nyumbani kwake.

Tereza kaniuliza Shirikisho ni nani. Nikamwambia. Kanichapa na mwiko.

Jumapili, 22 Agosti

Jana Tereza kanipa shauri kabla sijapanda basi. Nimwendee baba yake mwenyewe, nipige shikamoo, niseme kadi ilipigwa pasi. Atacheka, atafuta kesi, yataisha. Loisi naye kasema hivyo hivyo. Hata Edina, nilipompigia.

Nimelitafakari kwa uzito mpaka chai ikapoa. Shauri zuri. La watu waoga.

Mzee Abeli hajawahi kuiona sura yangu hata mara moja! Basi Jumamosi nakwenda Bahi mwenyewe, kama Katibu wa Shirikisho. Nasoma hukumu, Machinjioni inarudishwa kileleni, Batholomeo anafuta machozi, mzee anafurahi, posa inapokelewa. Koti la Katibu nimeazima. Miwani myeusi kanipa Ludovick, upesi upesi, tena anacheka. Roho nzuri ghafla!

Tereza kauliza kwa simu siku ya harusi itakuwaje, baba yake akimwona bwana harusi.

Hilo nalo nimeshalipanga. Siku hiyo navua miwani.