Binamu wa Matofali

Jumatatu, 6 Mei

Nina bahati mimi! Nilikuwa kwenye meza yangu ya chaja na kava za simu, jua linanikaanga utosi, nikamsikia Matofali akimwambia fundi rangi kwamba lile duka la kona kwenye jengo lake jipya hampi mgeni. Anampa ndugu. Duka lenye mlango! Lenye kivuli! Matofali alianza maisha kwa kufyatua matofali, sasa ana ghorofa na kitambi cha kulingana nalo.

Na marehemu mama kila akimwona anapita alikuwa anasema, huyo ni wetu. Wetu vipi, sikuuliza. Nilikuwa nakula.

Tatizo ni Kinyozi. Kahamia mtaani juzi tu, ana kiti kimoja na kioo chenye ufa. Naye alisikia. Niliyaona masikio yake yakisimama. Akaniambia nisijisumbue, mwenye kichogo kama changu hawezi kuwa na ndugu mwenye ghorofa. Nikamwambia anyoe, asikague.

Jumanne, 7 Mei

Kwa mama mkubwa, dada yake mama. Ni mshonaji, na ukoo wote uko kichwani mwake. Akamwaga kopo la vifungo juu ya meza. Kifungo kikubwa cha koti: bibi yangu mzaa mama. Chini yake watoto wake. Kimoja cheusi, kaka yao mkubwa. Mwishoni kabisa kimoja cheupe, kidogo: mama yangu, kitindamimba. Kaka mtu kaoa, mama bado anatambaa!

Akasema udugu hauhesabiwi kwa mvi. Unapanda mpaka kwa bibi, halafu unashuka ngazi moja moja, uone nani kasimama ngazi ipi. Nikatikisa kichwa kama mwanafunzi hodari. (Sikuwahi kuwa. Niliacha darasa la nne, mwalimu akashukuru Mungu.)

Chini ya cheusi akaweka chekundu. Chini ya mama akaweka mimi, kifungo cha shati kilichovunjika. Akasema wewe na huyu chekundu ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Mabinamu! Basi, nimemaliza! Akaanza kupekua vingine vya kupanga chini ya chekundu. Akaniambia kaa, bado. Nilikuwa mlangoni tayari.

Nje nikapishana na Kinyozi, kashika suruali iliyopasuka matakoni, anampelekea ashone. Nilicheka mpaka kona.

Jumatano, 8 Mei

Akili yangu leo imefanya kazi sana. Nikiingia kwa adabu, Matofali atajua mimi mgeni. Binamu hana adabu, binamu anatania! Nikaenda pale kwenye jengo, mafundi wote wapo, nikampiga Matofali kofi la tumbo na kumuuliza huyo mtoto anazaliwa lini.

Fundi rangi akaangusha brashi.

Nikasema, binamu, hunijui? Akauliza binamu kwa nani. Nikamwambia kwa kile kifungo kikubwa. Hakuelewa. Nikamtaja mama mkubwa. Hapo akalegea kidogo, maana ndiye anayemshonea suti. Akasema kesho atamwita.

Mambo yameiva! Nimepitia kwa mchora mabango nikaagiza DUKA LA BINAMU, herufi nyekundu, na picha ya simu inayocheka.

Alhamisi, 9 Mei

Mama mkubwa alikuja na kopo lake. Akapanga vifungo juu ya mfuko wa saruji. Bibi. Cheusi. Cheupe. Chekundu. Nikawaambia mnaona? Chekundu huyo! Mama mkubwa akanitazama kama mtu anayetazama mshono wa mlevi. Akasema chekundu ni baba yake Matofali, marehemu. Matofali mwenyewe ni huyu hapa chini.

Binamu yangu ni baba yake! Kwa hiyo mimi kwa Matofali ni baba mdogo. Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi!

Matofali akainama na tumbo lake lote. Akasema shikamoo baba mdogo. Nikajibu marahaba, tena kwa sauti nzito, nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Baba wa mwenye ghorofa, nani wa kuninyima?

Akasema haiwezekani. Duka lile anataka mtu wa kumfokea asipofagia. Baba hafokewi. Binamu ndiye anafokewa.

Mama mkubwa akasema binamu yupo. Akaweka kifungo cha kijani pembeni ya chekundu, dada mtu. Chini ya kijani, mwanawe. Kinyozi! Jumanne alikaa kusubiri suruali yake, akasikiliza mpaka kifungo cha mwisho. Na mimi na mama yake ni mabinamu, kwa hiyo kwake mimi ni mjomba.

Naye kumbe kasimama nyuma ya mafundi, alivyofurahi! Shikamoo mjomba! Mjomba, kichogo kinang'aa leo! Mtaa mzima unasikia.

Jumamosi, 11 Mei

Kinyozi kafungua duka. Nimekata utepe mimi, mkubwa wa ukoo. Bango langu wamelitundika juu ya mlango, eti kwake ndiko linakofaa. Nikataka kumuuzia. Mama mkubwa akaguna tu. Nikampa. Simu inayocheka imefunikwa kwa picha ya mkasi.

Watoto wa Matofali wakanizunguka, babu, babu, tumekuja kukusalimia. Babu kagawa kava za simu. Hawana simu.

Jioni Kinyozi akaivuta meza yangu mpaka kwenye kivuli cha mlango wake. Akasema mjomba akiungua jua watu watamsema yeye. Nikamwambia afagie basi, vumbi linaingia kwenye chaja. Akafagia! Nikamwambia arudie.

Jumapili, 12 Mei

Leo yule mama mwenye kiwanda cha mikate kaja kununua chaja. Pua ile! Pua ya marehemu mama, tupu! Na kuna gari lake la kusambaza mikate, halina msimamizi.

Nimekimbia kwa mama mkubwa. Akachukua kopo, akaweka kifungo kimoja. Nikaona kinatosha. Nilimsikia ananiita nikiwa nimeshafika barabarani.

Safari hii mimi ndiye mtoto wa kufokewa. Nimeshaagiza bango.