Mabuti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Simu ya baba mkwe. Miguu imevimba tena, daktari amemwamuru avae kandambili siku zote zilizobaki. Kwa hiyo mabuti yake, yale ya ngozi aliyojishonea mwenyewe kabla hajastaafu ufundi viatu, anayatoa! Twende kwake Jumapili, sote. Atampa yeyote kati yetu atakayeonyesha kwamba anajua kutunza kiatu.

Moyo umenidunda kama wa bwana harusi. Nimeyatamani miaka mingi. Rangi ya asali iliyoiva, mshono mara mbili, soli unayoweza kuibishia hodi. Na juu ya mabuti kuna heshima. Siku ya kwanza nilipofika kwake kuchumbia, soli yangu ilikuwa imeachama mbele. Siku moja tu! Hadi leo hunitambulisha kwa wageni: mkwe wangu, mwenye viatu vinavyocheka.

Mpinzani ni mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wake mke wangu. Muuza bima. Hutembea kana kwamba barabara imejengwa kwa ajili yake. Amenipigia kunitakia kila la heri. Mnafiki. Nami nikamtakia vivyo hivyo.

Nimekagua viatu vyangu vya kazini. Bado vinacheka.

Jumanne, 5 Machi

Mitumbani. Nilijitia mjuzi. Nikabonyeza, nikakunja, nikanusa. Harufu ya ngozi tupu! Nilinusa mpaka mama mmoja akaniuliza kama nahitaji kuketi. Muuzaji aliapa kwamba viatu vile vitanizika. Nikalipa.

Nyumbani nimegundua harufu inatoka kwenye kipande cha ngozi kilichosokomezwa ndani, penye kidole gumba. Kipande kizuri kweli. Kiatu chenyewe hakinuki chochote. Mke wangu alikigeuza mara moja, akachungulia ukingo, akasema ngozi kwa ndani ina unyoya unyoya, hiki kina kitambaa. Nikamwambia wivu si mzuri.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Viatu vimebambuka kama kiazi cha kuchemsha. Katika duka la rangi ninakofanya kazi nimeacha magamba meusi kutoka mlangoni hadi kaunta. Bosi akauliza nani analeta takataka. Nikawasingizia panya.

Lakini mimi si wa kukata tamaa! Uvunguni mwa kitanda mna viatu vyangu vya harusi. Ngozi halisi, na ushahidi ninao: vimeota ukungu. Nikavitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga. Vikatoka vizito kama mapacha.

Mke wangu akasema ngozi iliyolowa hujazwa magazeti, huwekwa kivulini, kisha husubiriwa. Haraka haraka haina baraka, mume wangu. Kwa kuwa alikulia kwenye karakana ya baba yake, anadhani anajua. Nikamjibu Jumapili haisubiri kivuli. Nimeviegesha kando ya jiko la mkaa. Akili ni mali.

Alhamisi, 7 Machi

Vimekauka! Pia vimejikunja kama dagaa kikaangoni. Cha kushoto hakiingii hata kwa kijiko. Cha kulia kiliingia, kikakataa kutoka. Nimekunywa chai nikiwa nacho. Mwishowe nikashika mlango, mke wangu akashika kisigino, tukavutana. Kikatoka pamoja na soksi na sehemu ya utu uzima wangu.

Mke wangu akaokota soksi, akaenda kuianika. Bora angenicheka.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Kwa nini nahangaika na rangi ya viatu wakati dukani tuna vanishi ya milango? Nilivichukua vile vinavyocheka, nikaviziba midomo kwa gundi ya mbao, nikavipaka vanishi kisigino hadi ncha. Viling'aa hadi nikajiona kidevu ndani yake! Nikavivaa kabla havijakauka sawasawa, maana uzuri unataka kuonekana.

Kila hatua, kwaru kwaru. Baada ya kusimama kidogo kwenye kaunta, hata hatua hazikuwepo. Nimegandamana na sakafu. Nikamhudumia bibi mmoja anayechagua rangi ya sebule bila kujongea hata kidogo, akanisifu kwa bosi kwamba siku hizi vijana hawana subira kama yangu. Jioni mguu ukaja nyumbani. Kiatu kimebaki dukani.

Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini na brashi, kitambaa na kopo la nta, akisugua viatu vyake vyeusi kama afanyavyo kila wiki. Nikamwomba aondoe ile harufu, wengine tuna mambo mazito ya kufikiria.

Jumamosi, 9 Machi

Mungu si Athumani! Jirani yetu mlinzi ana mabuti yanayong'aa kama sufuria ya bi harusi. Nikamwambia nina shughuli ya ukweni. Akaniazima, kwa sharti nisiyakanyagishe matope. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Haya? Aa, ya siku nyingi, baba. Ni matunzo tu.

Jumapili, 10 Machi

Mwanyumba alifika na viatu vipya vya rangi ya kahawia, akaketi, akakunja nne. Chini ya soli, kibandiko cha bei. Mzee akakisoma kwa sauti, akampongeza kwa mshahara mzuri, akamkumbusha kwamba yeye aliuliza matunzo. Nusura niimbe.

Zamu yangu. Nikatoa sentensi yangu bila kukosea. Mzee akainama kwa taabu, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akaniuliza, mlinzi hajambo? Kile kinundu cha mguu wa kushoto bado kinamsumbua? Kwa maana nafasi hii ya kinundu ameiweka yeye mwenyewe, alipomshonea. Au nami nina kinundu?

Nikasema ninacho.

Akaniambia nivue.

Nguo ya kuazima haisitiri, alisema akiutazama mguu wangu laini. Mwanyumba alicheka mpaka kibandiko kikadondoka.

Ndipo mzee akamwita binti yake, aliyekuwa akimimina chai, akamwomba kiatu kimoja. Akakikunja, akakinusa, akauliza umri wake. Mke wangu akamjibu, si wewe baba uliyenipa nilipoanza ualimu? Kabla ya kifungua mimba wetu, ambaye sasa ana ndevu! Na kiatu kinang'aa hivyo. Miaka yote nilidhani ananunua vipya na kunificha.

Mzee akasema yeye alisema yeyote kati yetu; neno wakwe tulilisikia sisi wanaume wenyewe. Mke wangu akavaa mabuti. Baba na binti wana nyayo zilezile. Akatembea sebuleni, ko, ko, ko, na mzee akajipangusa macho kwa upindo wa shati, akasema hata mlio ni uleule.

Hata mimi nilikaribia kufurahi. Kisha nikayatazama tena yale mabuti.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu yuko shuleni, ana mkutano wa wazazi. Amevaa vyeusi vyake. Mabuti yamekaa rafuni, yamejazwa magazeti, yananitazama. Nimefikiri kwa kina. Mali ya mke si ni mali ya nyumba? Na mimi si wa nyumba hiyo?

Nikayavaa, nikaenda kumsalimia mwanyumba. Yananibana kidogo, lakini uso wake! Nikamwambia mzee amefikiria upya. Alianza sentensi tatu, hakumaliza hata moja, yeye muuza bima! Sijawahi kufurahia maumivu ya vidole namna ile.

Wakati wa kurudi, mvua. Mvua ya kisasi! Mabuti yamekunywa maji mpaka yanaongea. Na mwenyewe anarudi jioni hii hii.

Magazeti nimeshayatumia kuwashia jiko. Kivuli hakina haraka, mimi ninayo. Lakini mtu mzima hujifunza. Viatu vya harusi vilijikunja kwa sababu nilivigusisha na jiko. Safari hii mabuti nimeyaweka mbali: upana wa kiganja kizima.

Yanatoa mvuke mzuri. Ncha zimeanza kuinuka.

Nadhani yanapanuka.